Wakili Wangu Nilimuua kwa Mdomo

Aliyekosa gazeti la wiki jana asihangaike, aibu yangu si ya kutafutwa kwa tochi. Mimi ni Bhagwanti, mjane wa fundi kufuli, hapa Dharampatti, Bihar. Mwanangu Umesh aliuawa na umeme kiwandani huko Surat. Mkewe, Kiran, akaniachia binti yao Juhi, wa miaka miwili, akarudi kwao, akaolewa Ludhiana. Sasa ni miaka minne anamdai mwanawe mahakamani. Na miaka minne mimi namnyima.

Sheria iko upande wake. Nalisema hili mapema ili asije mtu akaniambia sikujua. Wakili wangu, Mzee Kamalnath Jha, aliniambia siku ya kwanza kabisa: "Bhagwanti, kushinda hushindi. Ila naweza kukuchelewesha kushindwa."

Mahakimu wa huku, mtoto akishafika miaka tisa, humwita pembeni wakamuuliza anataka kukaa na nani. Juhi alikuwa hajafika hata mitano tulipoanza. Kwa hiyo kazi ya wakili wangu ilikuwa moja tu: kuumwa mpaka Juhi atimize tisa.

Na aliumwa, jamani! Manjano, dengi, bawasiri, kiuno, jino. Kila tarehe ya kesi, karani wake Baleshwar alipeleka barua kwa hakimu: wakili msomi hajiwezi, tunaomba kesi iahirishwe. Msomi mwenyewe wakati huo yuko nyuma ya jengo anakunywa chai na kula karanga.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba Juhi atimize tisa. Jioni ya kuamkia kesi, wakili akaanguka kweli. Moyo. Hapo ndipo nilipowaachia.

*

Asubuhi ile nilikuwa namsuka Juhi nywele za kwenda shule.

"Bibi, leo wakili anaumwa nini?"

"Leo anaumwa kweli."

"Kweli kweli, au kweli ya mahakamani?"

Nikamvuta nywele akalia. Mtoto hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyemlea katika uongo huo, halafu aliponirudishia nikamwadhibu.

Nilimfikisha shuleni, nikaenda mahakamani kwa miguu. Baleshwar nilimkuta kwenye ngazi, macho mekundu, hajalala.

"Shangazi, mambo si mazuri. Wamemwekea oksijeni. Hata sauti haitoki."

"Cheti cha daktari unacho?"

"Hawatoi mpaka daktari mkubwa apite wodini. Na hapiti mpaka saa saba mchana."

"Na kesi yetu?"

"Saa tano."

Nilikaa palepale kwenye ngazi. Vyeti kumi na vinne vya uongo tulivipata kwa siku moja moja, tena vingine tukaletewa na chai. Cha kweli ndicho kilichokosekana.

Kiran alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye benchi la korido, shela kichwani, mfuko wa nguo magotini. Alipangusa macho kwa ncha ya shela, vumbi la treni. Aliponiona akasimama, akainama akanigusa miguu kama mkwe anavyompa heshima mama mkwe. Sikumpa baraka. Nilitazama ukutani.

"Mama, nimekuja mara kumi na tano," alisema. "Siku mbili kuja, siku mbili kurudi. Mume wangu amesema hii ndiyo safari ya mwisho. Leo nikirudi mikono mitupu, nisitaje tena jina la mtoto ndani ya nyumba yake. Naomba leo iishe, Mama. Vyovyote, lakini iishe."

Yeye alikuwa anaomba huruma. Mimi nilichosikia ni kwamba ikiahirishwa leo, hatarudi tena. Nilihesabu hivyo papo hapo, mbele ya machozi yake, na moyo wangu ukachangamka. Mkitaka kunitukana, anzieni hapo.

*

Hakimu wetu ni mpya, mama wa makamo, miwani na sauti ya chini. Ana miezi mitatu tu hapa, na ana ugonjwa mmoja mbaya sana kwa watu kama sisi: anasoma mafaili.

Baleshwar akapeleka barua. Hakimu hakuifungua.

"Mgonjwa tena?"

"Mheshimiwa, leo yuko hospitali. Moyo. Yuko kwenye oksijeni."

"Hebu." Akafungua faili letu, akasoma kwa kidole. "Machi, manjano. Julai, dengi. Agosti, dengi. Septemba, dengi. Huyu bwana ana mkataba na mbu?"

Watu wakacheka. Hata askari wa mlangoni alicheka.

"Na hiki cheti cha dengi ya Septemba," hakimu akaendelea, "kimesainiwa na daktari wa meno."

Wakacheka zaidi. Mimi nilijibana kwenye nguzo, natamani ardhi ipasuke.

Wakili wa Kiran, Bwana Verma, akainuka. Ni mtu mnene mwenye maneno matamu, na anapomchoma mtu huwa anatabasamu.

"Mheshimiwa, kwa faili hili, wakili msomi mwenzangu alipaswa kuwa ameshachomwa mtoni zamani na majivu kutupwa. Maradhi yote amemaliza. Kilichobaki ni kifo tu."

"Hicho nitakipokea," hakimu alisema bila kucheka. "Desturi yenu naijua. Mwenzenu akifa mnaweka kazi chini, na mimi nitasimama pamoja nanyi. Lakini ugonjwa, basi. Saa sita kamili naisikiliza kesi hii na kutoa uamuzi. Wakili Jha awepo, asiwepo."

Nikashindwa kujizuia. "Mheshimiwa, tumeni mtu akamwone! Naapa safari hii ni kweli!"

Hakimu akanitazama juu ya miwani. "Mama, kwa hiyo zile nyingine?"

Nilifunga mdomo. Ningeufunga hivyohivyo siku nzima, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwapa.

*

Nje, Baleshwar alikuwa anapiga simu hospitali. Simu inaita, haipokelewi. Anapiga tena.

"Tafuta wakili mwingine asimame," nikamwambia.

"Nani atasimama, shangazi? Faili la miaka minne, alisome kwa nusu saa? Na akilisoma ndiyo atakimbia kabisa."

"Basi mimi nitasema mwenyewe."

"Utasema nini?"

Nilifikiri. Kweli, ningesema nini? Kwamba mtoto analala na mkono wake ndani ya blauzi yangu mpaka leo? Kwamba nikikohoa usiku anaamka kuniletea maji? Verma angeniuliza swali moja tu: je, mama yake mzazi yu hai? Yu hai. Ana akili timamu? Anayo. Kaa chini, bibi.

Baleshwar akaenda kutafuta mahali penye mtandao mzuri. Nikabaki peke yangu kwenye korido, na saa ya ukutani inasema tano na nusu.

Hapo akatokea Mzee Tripathi, mwenyekiti wa chama cha mawakili, anatembea na fimbo yake. Alikuwa rafiki wa wakili wangu tangu ujana. Aliponiona akasimama.

"We Bhagwanti, nasikia Kamalnath amelazwa. Safari hii ni kweli au ni yale mambo yenu? Hali yake ikoje?"

Ndugu wasomaji, nimekwisha kuwaambia mengi katika gazeti hili. Nimewaambia nilivyoficha barua za Kiran. Nimewaambia nilivyomdanganya mtoto kwamba mama yake alimkataa. Lakini hili sikuwahi kulitamka hata mbele ya mungu wangu. Hakuna aliyenituma, wala ulimi haukuteleza. Niliitazama saa, nikamtazama yule mzee, nikasema:

"Amekufa."

Fimbo ikamwanguka.

"Lini?"

"Sasa hivi. Karani amepigiwa simu."

Alijishika ukutani. Nikamwokotea fimbo yake nikampa. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

*

Kengele ya chama iligongwa. Mawakili wakatoka kila chumba, joho jeusi kwa joho jeusi, wanaulizana nani, nani. Jha? Jha yupi? Yule wa dengi? Mmoja akaanza kucheka akidhani ni mzaha, mwenzake akampiga kiwiko.

Wakajaa kwenye ukumbi mkubwa. Hakimu wetu naye akashuka. Wateja tukaruhusiwa kusimama mlangoni. Mzee Tripathi alitaka kuhutubia, akashindwa, akampisha Verma.

Na Verma, mtu yuleyule wa "kilichobaki ni kifo tu," alilia mbele za watu.

"Leo asubuhi nimemfanyia mzaha," alisema. "Mwenzangu anakata roho, mimi natafuta kicheko. Mwaka ule mke wangu alipolazwa, Kamalnath alisimama kwenye kesi zangu miezi miwili, hakuchukua hata chai yangu. Naomba anisamehe huko aliko."

Huko aliko! Nilijua aliko. Wodi ya pili, kitanda cha dirishani.

Tukasimama kimya dakika mbili. Hakimu aliinamisha kichwa. Kiran alifumba macho, midomo ikicheza, anamwombea mtu aliyemzungusha miaka minne. Mimi pia niliinamisha kichwa. Nilikuwa nahesabu siku mpaka kumi na saba.

Saa sita kamili hakimu akarudi kitini, akasaini maahirisho ya siku nzima, faili baada ya faili. Letu likapewa tarehe ishirini na sita ya mwezi ujao. Juhi angekuwa ameshatimiza tisa na siku za ziada.

Kiran alinifuata kwenye korido. Alikuwa ameukubali msiba wake wa kumpoteza mtoto, nilimwona usoni.

"Pole, Mama," akasema. "Najua alikuwa kama kaka kwako." Akanipa ule mfuko wa nguo. "Mpe Juhi. Kama gauni halimtoshi, mpe mtoto wa jirani. Mimi sitakuja tena."

Nilipokea. Ndiyo, nilipokea, tena kwa mikono miwili.

*

Baleshwar alinikuta kwenye duka la chai. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

"Shangazi! Nimepata hospitali. Yu hai!"

"Najua."

"Unajua? Basi nani amesema..." Akaniangalia. Akakaa chini taratibu. "Ee shangazi. Ee shangazi yangu. Umefanya nini?"

"Nimepata tarehe."

"Utafungwa! Na mimi nitafungwa! Kesho mtu akimwona kitandani anakunywa uji?"

"Akipona tutasema hospitali ilikosea. Hospitali hukosea."

"Hakimu amesimama dakika mbili! Unamjua yule mama? Anasoma mpaka tarehe za mihuri!"

"Basi kaa kimya. Maji yakishamwagika hayazoleki."

Chai ilipoa mbele yetu, hakuna aliyeigusa. Ilipofika saa saba na nusu simu yake ikalia. Akasikiliza. Akasema ndiyo, ndiyo, akakata. Akakaa ameinamia ile simu.

"Amefariki," alisema. "Dakika ishirini zilizopita. Kweli."

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nastahili kupigwa mawe. Nilifurahi. Mtu aliyenibeba miaka minne alikuwa amekata roho, na kitu cha kwanza kuja kifuani mwangu kilikuwa nafuu. Uongo wangu umekuwa kweli. Nani atauliza dakika?

Baleshwar alilia kwa kwikwi. Mimi nilianza kulia baadaye, njiani, na sijui hasa nilikuwa namlilia nani.

*

Kwao wakili, maiti ilikuwa imeshaoshwa na kulazwa barazani, kichwa kaskazini, wakingoja kumpeleka mtoni kabla jua halijazama. Mawakili wamejaa uani. Niliingia upande wa wanawake, nikamkuta mkewe amekaa chini, bangili zimeshavunjwa kwa desturi ya mjane, vipande viko pembeni.

Nilijitupa mbele yake nikaanza kuomboleza. Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu.

"Nyamaza," alisema taratibu. "Wewe ulishamlilia asubuhi."

Nikainua uso kumtazama.

"Tripathi alinipigia simu saa tano na dakika arobaini kunipa pole. Nilikuwa nimemshika mume wangu mkono. Simu niliiweka sauti ya juu kwa sababu masikio yangu hayasikii vizuri. Mume wangu akasikia kila kitu. Alisikia mwenzake analia, anasema Kamalnath umetuacha."

"Mke wa wakili..."

"Nilitaka kupiga kelele, kusema yu hai, ananitazama! Akanibana vidole. Akatikisa kichwa, nisiseme. Tripathi akadhani nimeshindwa kwa kilio, akakata. Mume wangu akashusha ile oksijeni, akaninong'oneza: 'Huyo ni Bhagwanti tu. Mwache apate tarehe yake.' Halafu akacheka. Kucheka kule kukageuka kikohozi, moyo ukaanza kwenda mbio, madaktari wakaja. Hakusema neno tena. Daktari alikuwa ametuonya tangu usiku asishtuliwe."

Nilimshika miguu. "Nisamehe. Nilifanya kwa ajili ya mtoto."

"Najua. Ndiyo maana nilinyamaza alipokuwa hai. Yeye ndiye aliyetaka."

Baleshwar alichungulia mlangoni, anahema. "Mama, hakimu amefika. Yuko getini. Tafadhali, akiuliza, sema saa tano na nusu. Cheti cha kifo kifiche. Nakuomba kwa jina la marehemu, alikuwa baba yangu wa kazi."

Mke wa wakili akamtazama yule karani aliyekula jikoni kwake miaka ishirini.

"Baleshwar, nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na tisa, na miaka yote hiyo alikuwa wa mahakama. Ile saa moja na nusu ya mwisho ndiyo pekee aliyokuwa wangu. Unataka niifute niseme nilikuwa nimeshika maiti?"

Baleshwar akaondoka mlangoni, kichwa chini.

Hakimu aliingia bila viatu, kichwa amekifunika, mwandishi wa mahakama nyuma yake na shada la maua ya manjano. Mawakili wakampisha. Aliweka maua kifuani mwa marehemu, akakutanisha viganja, akasimama kidogo. Kisha akaja upande wetu, akachutama mbele ya mjane.

"Pole sana, dada. Mimi nilimjua kwa faili tu, na leo asubuhi nilisema maneno ambayo nayajutia." Kisha akauliza swali ambalo kila mtu huuliza msibani. "Alituacha saa ngapi?"

Mke wa wakili aligeuka akanitazama. Nilikutanisha viganja kumwomba. Kwa macho nilimwomba, mbele ya maiti ya mumewe.

"Saa saba na dakika kumi," alisema.

Mzee Tripathi akadakia kutoka nyuma: "Mheshimiwa, dada amechanganyikiwa na msiba. Ilikuwa saa tano na..."

Mjane akaingiza mkono kwenye upindo wa sari yake, akatoa karatasi ya hospitali, akampa hakimu.

Hakimu akavaa miwani. Akaisoma. Akairudia tangu juu, polepole, kwa kidole, kama alivyolisoma faili letu. Nilisikia kunguru juu ya paa. Verma alisogea, akachungulia begani kwake, akarudi nyuma hatua mbili mkono mdomoni.

Nilingoja aniite jina. Nilingoja askari. Hakunitazama hata mara moja. Aliikunja ile karatasi, akamrudishia mjane kwa mikono miwili, akainuka.

Alipofika mlangoni, akamwambia mwandishi wake kwa ile sauti yake ya chini:

"Yule mama wa mtoto, treni yake ya Ludhiana ni saa ngapi?"

"Kumi na mbili na robo, Mheshimiwa."

"Namba yake iko kwenye faili. Mpigie sasa hivi. Mwambie asipande."